Waranti imeisha, giaboksi imekufa, na lalamiko langu waliliandika wenyewe. Nina haki gani?

Mwalimu wa Utawala

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo, hasa ya wanaojua sheria za wateja hapa kwetu na mafundi wa magari ya otomatiki. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu najua haya yote mtayauliza.

Gari si mtumba. Nililinunua jipya Machi 2022 kwa kampuni yenye duka na karakana yake hapa Nairobi. Jina la kampuni sitalitaja, naomba msinishinikize. Ni gari dogo lililoinuka kidogo, injini ya 1500, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua). Sehemu nililipa kwa akiba, sehemu nikakopa kwenye Sacco, na mkopo huo nitaendelea kuulipa hadi 2027. Waranti iliandikwa miaka mitatu au kilomita 100,000, kitakachotangulia.

Sevisi zote nimefanyia kwao. Kitabu kina mihuri ya kila kilomita 10,000 na risiti zote ziko kwenye faili. Hakuna fundi wa nje aliyewahi kufungua boneti ya gari hili, kwa sababu siku ya kununua niliambiwa nikilipeleka kwingine waranti itakufa. Basi nikawa nalipa bei yao, nanyi mnazijua bei za huko.

Agosti 2024 gari likaanza kutetemeka. Kwanza nilidhani ni injini. Uko kwenye foleni, tuseme barabara ya Outering pale ilipokuwa Taj Mall, unasogea polepole nyuma ya matatu. Ukikanyaga mafuta kidogo tu gari linashtuka, linatikisika sekunde mbili tatu, halafu linashika na kwenda. Likishapata mwendo liko shwari. Asubuhi likiwa baridi halifanyi, linafanya likishapata moto. Nilipolipeleka sevisi ya kilomita 50,000 nilimweleza mpokezi wa karakana na akaandika. Jioni nikaambiwa, "Mwalimu, CVT ndivyo zilivyo. Na pengine ni namna unavyokanyaga mafuta." Wakati huo waranti ilikuwa imebakiza miezi saba.

Karatasi ya kazi ya siku hiyo ninayo mbele yangu. Nainakili neno kwa neno: "Mteja analalamika gari linatikisika likiondoka kwa mwendo mdogo. Limejaribiwa barabarani. Hakuna hitilafu iliyoonekana." Ina tarehe, ina kilomita, ina sahihi ya mpokezi na muhuri wa karakana.

Januari 2025 hali ikazidi. Mwanangu akakaa kiti cha mbele akarekodi video ya dashi: mshale wa mizunguko ya injini unapanda, unashuka, unapanda, na gari linasita. Nikamtumia mpokezi kwa WhatsApp. Akajibu kesho yake, "Lete sevisi inayofuata tutaangalia." Nikalipeleka Februari kwa sevisi ya kilomita 60,000, waranti bado hai. Wakaandika yaleyale, safari hii wakaongeza mstari: "Mteja ameelezwa kuhusu tabia ya CVT."

Machi waranti ikaisha. Mwisho wa Aprili, siku shule zilipofunguliwa, nikiwa napanda daraja la Cabanas, nikasikia mkwaruzo chini ya miguu, taa ya injini ikawaka, na gari likaacha kuvuta. Nakanyaga, injini inanguruma, gari limesimama. D haishiki, R haishiki. Nyuma yangu ni lori na mabasi. Vijana wa bodaboda ndio walionisukuma hadi pembeni, Mungu awabariki.

Kampuni imefanya uchunguzi wake na kusema giaboksi imeharibika ndani, ibadilishwe nzima: shilingi 486,000 pamoja na kazi. Meneja wa huduma alinipokea kwa heshima, akaniletea chai, akasema waranti imepita na mikono yake imefungwa, lakini kwa ihsani watanipunguzia asilimia 10. Kisha akasogeza karatasi. Nikikubali punguzo nasaini kwamba sina dai lingine lolote dhidi ya kampuni kuhusu giaboksi hiyo, sasa wala baadaye. Pia gari likikaa uwanjani kwao zaidi ya siku 14 nitatozwa ada ya maegesho.

Sijasaini. Gari liko kwao.

Sikatai kwamba kila waranti ina mwisho. Ninachouliza ni hiki: giaboksi ilianza kuugua ndani ya waranti, niliwaambia, na waliandika kwa mkono wao. Kwa nini ihesabiwe siku ilipokata roho, isihesabiwe siku ilipoanza kuugua? Je, sheria ya Kenya ina la kusema hapa, ama waranti ikiisha ndiyo basi? Tena, mtu kama mimi anaanzia wapi bila kumaliza mshahara kwa mawakili?

Jirani wa Donholm

Pole sana Mwalimu. Nitakwambia ukweli ingawa hautakufurahisha. Waranti ni mkataba na tarehe ni tarehe. Kampuni hizo zina mawakili wanaolipwa kila mwezi wawe na kesi au wasiwe nayo. Wewe utakaa bila gari mwaka mzima ukingoja haki. Ningekuwa wewe ningelitoa pale, nitafute giaboksi ya mtumba kutoka Japani kule Kirinyaga Road, fundi mzuri alifunge, maisha yaendelee. Na je, umeuliza bima? Kama una ile kubwa huenda wakasaidia.

Fundi wa Baba Dogo

Mwalimu, kabla ya lolote: usikubali giaboksi hiyo ishushwe wala kufunguliwa kabla hujapata mtu wako wa kuiangalia. Ikishashushwa, ikapelekwa stoo, ikabadilishwa, ushahidi wako umekwenda nayo. Ndiyo maana ushauri wa Jirani hapo juu, hata kama ni wa nia njema, unaweza kukupotezea kesi. Bima kubwa nayo hulipia ajali, wizi na moto. Kuharibika kwa mtambo wenyewe kwa kawaida hakumo. Usipoteze wiki huko.

Sasa nikueleze ulichokuwa unakisikia. CVT haina gia za hatua kama otomatiki za zamani. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Puli zinajibana na kujiachia kwa nguvu ya mafuta ya giaboksi, na hivyo ndivyo mwendo unavyobadilika bila wewe kuhisi gia. Mafuta yakipoteza presha, kwa sababu valvu bodi (sehemu inayoongoza mafuta hayo) inakwama au pampu imechoka, puli haziubani mkanda sawasawa. Mkanda unateleza kidogo, unashika, unateleza tena. Huo ndio mtikisiko wako. Inafanya likiwa la moto kwa sababu mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi na presha inashuka zaidi. Na kila mkanda unapoteleza unakwaruza uso wa puli, vumbi la chuma linaingia kwenye mafuta, mafuta hayo yanarudi kwenye valvu na kuiharibu zaidi. Ugonjwa huu haumalizi giaboksi kwa siku moja, unakula polepole. Toka Agosti hadi Aprili ni muda unaoingia akilini kabisa.

Kwa hiyo mtu akikwambia CVT yenye kilomita 50,000 kutikisika ukiondoka ni tabia yake, mimi nakataa. Nimezifungua nyingi. Iliyo nzima huondoka laini kama maji. Na mguu wako hauwezi kufanya puli ziteleze kwenye foleni ya Outering.

Ukaguzi ufanywe hivi. Kwanza kompyuta ya giaboksi isomwe na kila msimbo wa hitilafu uchapishwe kabla mtu hajaufuta au kuchomoa betri. Pili, sampo (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) ifunguliwe mbele yako. Ndani yake chini kuna sumaku ndogo. Ikiwa na ukungu mwembamba wa kijivu, hiyo ni kawaida. Ikiwa imeota manyoya ya chuma, au unaona vipande vinavyong'aa, hapo mkanda na puli vimekwisha, na vipande hivyo havikutokea mwezi wa Aprili pekee. Piga picha na gazeti la siku hiyo au simu inayoonyesha tarehe kando yake. Tatu, chukua mafuta kidogo kwenye chupa safi, funga, andika tarehe, nyote wawili msaini kibandiko. Na uwaulize, katika sevisi mbili zile ulizolalamika, walisoma kompyuta ya giaboksi au walizunguka barabarani tu? Walipima kiwango cha mafuta yake? Kama karatasi inasema "limejaribiwa barabarani" na basi, hawakutafuta.

Wakili wa Mtaani

Mimi ni wakili. Ninayoandika hapa ni maelezo ya jumla, kwa sababu sijaona hati zako. Lakini umeeleza vizuri kiasi kwamba naweza kukuonyesha njia.

Jirani amesema waranti ni mkataba na tarehe ni tarehe. Kweli. Lakini waranti ya kampuni inakaa juu ya sheria, haikai badala yake. Chini yake kuna mambo matatu ambayo hayaishi siku waranti inapoisha.

La kwanza ni Katiba. Ibara ya 46 inampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hiyo, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Ishike hiyo ya habari. Waliokwambia kwamba mtikisiko ni tabia ya gari walikupa habari, na wewe ukaitegemea ukaendelea kuendesha.

La pili ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16. Ukinunua bidhaa kwa mtu ambaye biashara yake ni kuiuza, sheria inaweka ndani ya mauzo sharti la ubora wa kibiashara, yaani bidhaa iwe inafaa kuuzwa, hata kama halikuandikwa popote. Na ukimweleza muuzaji shughuli unayoitakia ukategemea ujuzi wake, bidhaa iifae shughuli hiyo.

La tatu ni Sheria ya Ulinzi wa Wateja, Nambari 46 ya 2012. Kifungu cha 5 kinamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa ina ubora unaofaa, na hawezi kukuondolea kinga hiyo kwa maneno madogo ya nyuma ya mkataba. Sheria hiyohiyo inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kwa mteja, na ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Fundi hatakiwi kukutoza kazi ambayo hukuidhinisha. Akikupa makadirio na ukakubali, asiyapite kwa zaidi ya asilimia 10. Na una haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Kwa hiyo giaboksi ya zamani ni yako kuidai, waandikie hivyo.

Sasa ugumu uko wapi, maana sitaki ujenge matumaini hewani. Ubora huo unapimwa kwa hali ya bidhaa ilipouzwa. Ni wewe utakayeonyesha kwamba kasoro ilikuwamo tangu mwanzo au ilitokana na udhaifu uliokuwamo, na kwamba haikuletwa na matumizi mabaya au uchakavu wa kawaida. Mtu mwenye gari la kilomita 180,000 lililoserviwa vichochoroni hana pa kusimama. Wewe una kilomita 60,000 na kidogo, sevisi zote kwao, karatasi mbili na video. Mara nyingi kesi za namna hii hufa kwa sababu mteja alilalamika kwa mdomo tu. Wewe hukufanya hivyo.

Na una hoja ya pili ambayo watu huisahau. Hata tukiacha swali la gari lilikuwaje lilipouzwa, ulipeleka gari kwenye karakana yao mara mbili ndani ya waranti, ukalipa, ukaeleza dalili. Wajibu wao wa kuchunguza kwa uangalifu wa fundi mwenye ujuzi ulizaliwa siku hizo, waranti ikiwa hai. Kama hawakusoma kompyuta wala kuangalia mafuta, kosa hilo lilitendeka ndani ya muda. Kuchelewa kwa giaboksi kufa hakuwafaidishi.

Muda unao. Madai ya mkataba yana miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Ulinunua Machi 2022, basi kwa mauzo yenyewe usivuke Machi 2028. Madai ya uzembe yana miaka 3, na kwa karatasi ya Agosti 2024 mimi ningehesabu kuanzia siku hiyo ili nisijihatarishe.

Ile karatasi ya asilimia 10 usiisaini. Ukisaini, utakuwa umeuza dai la karibu nusu milioni kwa 48,600, na itabidi uieleze mahakama kwa nini.

Mkenya wa Perth

Naishi Australia na nilipoona "ni namna unavyokanyaga mafuta" damu ilinichemka. Huku Ford Australia iliuza Fiesta, Focus na EcoSport zenye giaboksi ya PowerShift iliyokuwa ikitikisika. Wateja walipolalamika waliambiwa ni uendeshaji wao. Tume ya ushindani na wateja ikaipeleka mahakamani, na Aprili 2018 mahakama ya shirikisho ikaamuru Ford ilipe faini ya dola milioni 10 za Australia kwa namna ilivyowatendea wateja hao. Na sheria ya huku inasema wazi kwamba dhamana za kisheria zinasimama kando ya waranti ya mtengenezaji na zinaweza kudumu kuliko hiyo waranti.

Hata Marekani, Nissan iliongeza waranti ya CVT kwa magari yake ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Sisemi gari lako ni hilo. Nasema watengenezaji wenyewe wamewahi kukubali kwamba giaboksi hizi zinaweza kuwa na kasoro isiyotokana na dereva.

Wakili wa Mtaani

Asante Perth. Ila Mwalimu asiitegemee sheria ya Australia, hakimu wa mahakama ya Milimani hapa Nairobi hatahukumu kwayo. Inafaa kama mfano wa kumwonyesha meneja kwamba jibu lake si geni na liliwahi kugharimu wengine. Mlango wetu unaokaribia ile tume ya Australia ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010 hupokea malalamiko ya wateja bila malipo, yakiwamo ya maelezo ya kupotosha na bidhaa zenye kasoro. Peleka lalamiko huko, lakini usiache mlango wa mahakama ukingoja majibu yao.

Kijana wa Kasarani

Naomba kuingilia. Je, sisi tulionunua mtumba kwenye yadi za Ngong Road? Langu lilikufa ndani ya mwezi wa pili, na mkataba umeandikwa "limenunuliwa lilivyo".

Wakili wa Mtaani

Kijana, yadi nayo ni mfanyabiashara wa magari, kwa hiyo kifungu cha 16 kinaigusa, na "lilivyo" haifuti ulinzi wa Sheria ya 2012. Lakini kama ulilikagua gari kabla ya kununua, kasoro ambazo ukaguzi huo ungepaswa kuzionyesha hutaweza kuzilalamikia. Giaboksi inayokufa ndani ya mwezi wa pili ni jambo lingine. Ukinunua kwa mtu binafsi, kule mitandaoni au kwa jirani, hapo ulinzi unapungua sana. Fungua mada yako na ueleze, tusichanganye mambo ya Mwalimu.

Mwalimu wa Utawala

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni kutoka moyoni.

Fundi, nimerudi kwenye faili. Karatasi zote mbili zinasema "limejaribiwa barabarani" na hakuna mahali palipoandikwa kompyuta imesomwa. Kwenye ankara ya sevisi ya kilomita 60,000 kuna mafuta ya injini, chujio la mafuta, chujio la hewa, na kazi. Mafuta ya giaboksi hayamo, wala kupimwa kwake. Kitabu cha gari kinasema yakaguliwe katika sevisi hiyo. Nimekaa na kalamu nyekundu nikapigia mstari hapo, kama ninavyomfanyia mwanafunzi aliyeruka swali.

Jirani, sijakasirika. Najua ulitaka nisiteseke. Lakini nikitafakari kwamba kuna watu wengine walioambiwa "ndivyo zilivyo" na wakaenda nyumbani wakaamini, hili linaniuma kuliko hizo pesa. Mama mmoja tulikutana kwenye viti vya kungojea kule karakana, gari lake la aina hiyohiyo, dalili hizohizo, waranti yake imebaki wiki chache. Nilimwambia aandike barua leo hii, asiondoke bila karatasi.

Wakili, nina maswali mawili. Nasikia kuna mahakama ndogo ya madai, je, naweza kwenda mwenyewe bila wakili? Na gari likiwa bado na jina la Sacco kwenye logibuku (hati ya umiliki), je, ni mimi nitakayedai?

Wakili wa Mtaani

Unaweza kwenda mwenyewe. Mahakama ya Madai Madogo ilianzishwa kwa sheria ya 2016 na ikaanza kazi Milimani Aprili 2021. Inasikiliza madai hadi shilingi milioni 1, yakiwamo ya mauzo ya bidhaa na huduma, kwa hiyo 486,000 zako zinaingia pamoja na gharama ya kuvuta gari na nauli ulizotumia ukiwa na risiti. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo WhatsApp na video yako vitasikilizwa, ila beba simu yenyewe na uchapishe mazungumzo yote yakionyesha tarehe na nambari. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria pekee. Kampuni huenda ikaleta wakili. Usitishike, eleza kama ulivyotueleza hapa.

Mnunuzi ni wewe, mkataba wa mauzo na risiti ni vya jina lako. Sacco ina maslahi kwa sababu ya mkopo, wajulishe kwa barua moja fupi.

Kabla ya mahakama, barua ya madai. Iwe ukurasa mmoja na nusu, bila matusi, bila kutaja Australia. Anza na tarehe tatu: ya Agosti, ya Januari na ya Februari, na unukuu maneno yao wenyewe. Kisha andika: "Hitilafu iliyoua giaboksi niliiripoti nanyi mkaiandika ndani ya muda wa waranti. Karakana yenu haikusoma kompyuta ya giaboksi wala kukagua mafuta yake. Nataka giaboksi ibadilishwe kwa gharama yenu ndani ya siku 14, la sivyo nitafungua madai bila kuwajulisha tena." Ongeza kwamba huidhinishi kazi yoyote, giaboksi isishushwe kabla ya ukaguzi wa pamoja, na gari liko kwao likingoja ukaguzi huo, kwa hiyo unapinga ada ya maegesho. Peleka mwenyewe nakala mbili, moja wapige muhuri wa kupokea urudi nayo. Tuma na baruapepe siku hiyohiyo.

Tafuta pia mkaguzi huru. Chama cha Magari cha Kenya, AA, hukagua magari, na wapo wakaguzi wanaofanya kazi na kampuni za bima. Ripoti yenye sahihi na nambari ya chasisi ni nzito kuliko maneno ya fundi rafiki, na Fundi wa Baba Dogo anisamehe kwa hilo.

Fundi wa Baba Dogo

Umesema kweli wakili, mimi sina muhuri wa ukaguzi. Lakini naweza kuwa hapo siku ya kufungua sampo nimwonyeshe mkaguzi pa kuangalia. Bila malipo.

Mwalimu wa Utawala

Wadau, nimerudi na habari. Barua niliipeleka Jumatatu. Binti wa mapokezi hakutaka kupiga muhuri, akasema hadi meneja aje. Nikakaa. Meneja alipokuja akaisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena pale palipohusu kompyuta kutosomwa. Aliniuliza nani ameniandikia. Nikamwambia nimeandika mwenyewe. Muhuri ulipigwa.

Jana baruapepe imekuja kutoka makao yao makuu, wala si karakanani. Ada ya maegesho wameisitisha. Wamekubali ukaguzi wa pamoja wiki ijayo mbele ya mkaguzi wangu, na giaboksi haitaguswa kabla ya hapo. Kuhusu nani atalipa, wamesema "suala linaangaliwa upya". Hawajasema waranti imeisha, neno hilo halimo kabisa kwenye barua.

Mkaguzi nimempata, ada yake nimelipa na risiti nimeweka kwenye faili ya madai. Ukaguzi ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Fundi, tafadhali nitumie ujumbe faraghani nikuelekeze lango la kuingilia, na uje na chupa safi mbili: moja yangu, moja yao.